White Sox 2024: kupigwa mechi 121 ni kweli, mengine mnaongezea tu

Chicago White Sox walimaliza msimu wa 2024 na ushindi 41, vipigo 121, na tangu hapo kila mtu amekuwa mtaalamu wa besiboli. Sasa wengi wetu tumekulia kwenye mpira wa miguu, tukiona msimamo wa ligi ya Marekani tunausoma kwa macho ya Simba na Yanga, na hapo ndo mambo yanapoharibika, mtu hata hadanganyi makusudi ila anaongelea kitu ambacho kwenye ule mchezo hakipo.

"Ndo timu mbovu kuliko zote kwenye historia"

Inategemea unapima kwa nini. Kwa idadi ya vipigo tangu 1901, sawa, hakuna aliyewahi kufika 121, rekodi ilikuwa ya New York Mets wa 1962 waliopigwa 120. Ila wale Mets walishinda 40 katika mechi 160 zilizopata mshindi, asilimia 25 kamili, na Sox 41 kati ya 162, asilimia 25.3, kwa hiyo kwa wastani Sox wamewazidi kidogo. Philadelphia Athletics wa 1916 walikuwa chini ya wote hao, ushindi 36 vipigo 117. Na ukirudi nyuma zaidi kuna Cleveland Spiders wa 1899, hao sasa ni kichekesho, ushindi 20 kwa vipigo 134, kwa sababu wamiliki wao walikuwa na timu nyingine St. Louis wakahamishia wachezaji wazuri wote huko, waliobaki Cleveland wakaachiwa msala.

"Yaani walikuwa wanapigwa kila siku"

Karibu kila siku walikuwa wanacheza, hilo ndo watu hawalijui. Mechi 162 kuanzia mwisho wa Machi mpaka mwisho wa Septemba, kwa hiyo hata bingwa anapigwa sana tu: Dodgers waliochukua ubingwa mwaka huo huo wa 2024 walishinda 98 wakapoteza 64. Hebu fikiria timu ya mpira ipoteze mechi 64 halafu ibebe kombe. Seattle Mariners wa 2001 walishinda 116 na fainali hawakufika.

Kilichokuwa cha ajabu kwa Sox ni jinsi vipigo vilivyokuja kwa mafungu. Walianza msimu 3 kwa 22. Mei kuelekea Juni wakapigwa 14 mfululizo. Kisha kuanzia Julai 10 mpaka Agosti 5 wakapigwa 21 mfululizo, wakaifikia rekodi ya American League (nusu moja ya ligi kuu ya besiboli, Sox wako humo) ya Baltimore Orioles wa 1988, mpaka wakaja kupumua Oakland Agosti 6 waliposhinda 5-1.

Na anayeuliza "hata sare jamani walikosa?" ajue huku siku hizi sare hakuna. Ining'i tisa (ining'i moja ni kila timu kupata zamu yake ya kupiga) zikiisha mko sawa mnaendelea mpaka mmoja afe, na tangu 2020 kila ining'i ya nyongeza inaanza na mtu keshasimama besi ya pili, yaani nusu ya njia ya kupata pointi, ili mambo yaishe haraka.

"Wangemfukuza kocha mapema wasingefika huko"

Hii ndo inanichosha kuliko zote. Pedro Grifol alitimuliwa Agosti 8, siku mbili tu baada ya ule mkosi wa 21 kukatika, akiwa na 28 kwa 89. Akaingia Grady Sizemore kama kocha wa muda, akamaliza 13 kwa 32. Piga hesabu mwenyewe, ni kutoka asilimia 24 kwenda 29, bado uko shimoni. Kocha wa besiboli anapanga nani aanze kupiga, nani arushe, lini abadilishe mrushaji, basi, hana mfumo wa kujificha nyuma wala hawezi kupaki basi, kila aliye kwenye orodha ya wapigaji lazima asimame na fimbo kwa zamu yake. Na Sox kwenye fimbo walikuwa hoi, walifunga rani 507 msimu mzima (rani ndo goli la huku), chache kuliko timu yoyote ya ligi, wakaruhusu 813.

Tatizo lilianza kwenye kuuza. Machi, kabla ligi haijachanganya, mabosi walimuuza mrushaji wao Dylan Cease kwenda San Diego Padres. Julai 25, Sox wakiwa katikati ya ule mkosi wa 21, Cease akarusha mechi nzima dhidi ya Washington bila kuruhusu hiti (pigo linalomfikisha mpigaji besi salama) hata moja. Shabiki wa Sox siku ile sijui alilalaje.

"Timu haina hela"

Iko Chicago! Na mmiliki wake Jerry Reinsdorf ndo huyo huyo wa Bulls ya kikapu waliobeba makombe na Michael Jordan. Bajeti ndogo kuliko wote ilikuwa ya Oakland, na Oakland walishinda mechi 69. Sox wana mkono mgumu tu, mkataba mkubwa waliowahi kutoa mpaka msimu huo ulikuwa wa dola milioni 75, wa Andrew Benintendi, wakati wenzao wanagawa mamia ya milioni.

Ndo maana wiki ya mwisho Septemba, wakiwa tayari na vipigo 120, mashabiki walienda uwanjani kuishuhudia rekodi huku wakiimba mmiliki auze timu, na Sox kwa ubishi wakawafunga Angels mechi tatu zote. Rekodi ikaja Detroit Septemba 27, wakalala 4-1, na zile shangwe mnazoziona kwenye video si za kuwacheka Sox, ni Tigers, timu ya Detroit, walikuwa wamefuzu mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2014. Kesho yake na keshokutwa Sox wakashinda zote mbili.

"Si watashuka daraja" au "si watapewa kijana bora wa kwanza"

Kushuka daraja hakuna, unamaliza wa mwisho na mwakani upo. Ya pili inakaribia ukweli kwa timu nyingi, ila chaguo la kwanza kwenye drafti (zoezi la timu kuchagua vijana wapya kwa zamu) siku hizi linaenda kwa bahati nasibu, na timu zinazochangia mfuko wa kugawana mapato haziruhusiwi kuingia kwenye hiyo bahati nasibu miaka miwili mfululizo. Sox ni mmoja wa wachangiaji hao, na walikuwa wameingia kwa drafti ya 2024, wakachagua wa tano. Kwa hiyo 2025, baada ya vipigo 121, wakasubiri timu tisa zichague kwanza. Namba moja ikaenda Washington.