Urafiki wa Wanawake Wafungwa wa Ravensbrück: Dhana Potofu na Ukweli

Ravensbrück ni mahali palipo kando ya ziwa dogo, kilomita zipatazo 90 kaskazini mwa Berlin. Hapo ndipo serikali ya Hitler ilipofungua, Mei 1939, kambi kubwa ya mateso iliyojengwa mahususi kwa wanawake, na hadi Jeshi Jekundu la Kisovieti lilipofika mwishoni mwa Aprili 1945, wanawake wapatao 120,000 wa mataifa zaidi ya 30 walikuwa wameandikishwa humo: Wapolandi, Warusi, Wajerumani, Wafaransa, Wacheki, Waroma, Wayahudi wa nchi mbalimbali na wengineo. Makumi ya maelfu hawakutoka. Waliotoka walipoanza kusimulia, jambo moja lilijirudia vinywani mwao kuliko mengi mengine, nalo ni habari za marafiki zao. Masimulizi hayo yamezaa dhana kadhaa ambazo watu huzirudia kwa nia njema, lakini zikipimwa kwa yaliyotokea kambini hazisimami.

Dhana: Wote walikuwa wanawake, kwa hiyo waliishi kama dada

Kambi ilipangwa makusudi ili wafungwa wasipatane. Kila mmoja alishonewa kwenye nguo pembetatu ya kitambaa iliyotangaza sababu ya kufungwa kwake: nyekundu kwa wafungwa wa kisiasa, kijani kwa walioitwa wahalifu, zambarau kwa Mashahidi wa Yehova, nyeusi kwa wale ambao utawala uliwaita watu wasiofaa katika jamii, na manjano kwa Wayahudi. Wasimamizi wa mabanda walichaguliwa miongoni mwa wafungwa wenyewe, hivyo mkono uliokupiga au uliokupakulia supu nyepesi kuliko ya jirani yako ungeweza kuwa wa mfungwa mwenzako. Ongeza tofauti za lugha, ongeza na ugomvi wa kisiasa ambao wafungwa waliingia nao kutoka makwao, ndipo utaona kwamba kufungwa pamoja hakukutosha kumfanya mtu awe rafiki wa mtu.

Kisa cha Margarete Buber-Neumann, aliyeitwa Grete, kinalionyesha jambo hili vizuri. Alikuwa Mjerumani na mkomunisti aliyekimbilia Moscow, lakini huko huko mumewe aliuawa mwaka 1937, naye akapelekwa katika kambi ya kazi ya Karaganda, Kazakhstan. Kisha mwaka 1940 maofisa wa Kisovieti wakamkabidhi kwa Gestapo, polisi wa siri wa Hitler. Alipofika Ravensbrück na kueleza aliyoyaona, wafungwa wakomunisti walimwita mwongo na msaliti, wakamtenga. Aliyemtafuta ili amsikilize alikuwa Milena Jesenská, mwandishi wa habari kutoka Prague, ambaye naye aliwahi kuwa mkomunisti. Wakomunisti wa Kicheki wakampa Milena sharti: achague kuwa nao, au kuwa na Grete. Alimchagua Grete, akijua kwamba anajitoa katika kundi lililokuwa na nguvu ya kumlinda. Urafiki uliosimuliwa kuliko mwingi wa Ravensbrück, kwa hiyo, ulianza kwa kuuvunja mshikamano, na picha ya dada wote wanaopendana haina mahali pa kuliweka jambo hilo.

Dhana: Njaa iliua utu, na kila mtu alijitazama mwenyewe

Hii ni kinyume cha ile ya kwanza, na ajabu ni kwamba mtu yuleyule huweza kuzishika zote mbili. Ni kweli kwamba mikate iliibwa. Ni kweli pia kwamba kulikuwa na mahali ambapo urafiki haukupata pa kushika mizizi, kama lile hema kubwa lililosimamishwa mwaka 1944, ambamo maelfu ya wanawake waliotolewa Warsaw na Wayahudi wa Hungaria walirundikwa bila vitanda wala vyoo vya maana.

Hata hivyo, kwingineko kambini wafungwa waliishi katika vikundi vidogo vya watu wawili, watatu au watano, na ndani ya vikundi hivyo hesabu ya njaa ilikuwa nyingine. Chukua gwaride la kuhesabiwa, ambalo lilianza kabla ya alfajiri na kuendelea kwa saa nyingi, hata katika theluji. Aliyeanguka aliweza kupelekwa mahali ambapo wengi hawakurudi. Basi mgonjwa aliwekwa katikati, mmoja akambana kulia na mwingine kushoto, mabega yakagusana, hata mlinzi aliyepita mbele yao akaona safu iliyonyooka. Methali yetu husema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na mara nyingi tunaisoma kana kwamba imesema akupendaye. Neno lililomo ni kufaa. Wanawake waliobanana mabega asubuhi hiyo huenda wasingependana kabisa kama wangekutana katika mtaa wa amani.

Dhana: Urafiki wao ulikuwa faraja tu, haukuweza kuibadili kambi

Hapa yafaa kukaa kidogo, kwa sababu ushahidi ni mwingi. Kuanzia mwaka 1942 madaktari wa SS, kikosi cha Hitler kilichoendesha kambi, waliokuwa chini ya daktari Karl Gebhardt walianza kuwapasua wafungwa miguu na kutia vijidudu, vipande vya mbao na vigae vya kioo ndani ya majeraha ili kujaribu dawa. Wanawake 74 kati ya waliopasuliwa walikuwa Wapolandi, wengi wao vijana waliokamatwa katika harakati za upinzani dhidi ya Wajerumani huko Lublin na Warsaw. Kambini waliitwa sungura, jina ambalo wao wenyewe walilichukua na kulitumia. Watano walikufa kutokana na upasuaji, na sita walipigwa risasi kabla majeraha yao hayajapona.

Wachache kati yao walitafuta njia ya kuitoa siri hiyo nje. Mfungwa aliruhusiwa kuandika barua chache kwa familia yake, kwa Kijerumani, na kila barua ilisomwa na mkaguzi. Vijana hao waliandika barua ya kawaida ya salamu, kisha katikati ya mistari wakaandika tena kwa mkojo, ambao ukikauka hauonekani na karatasi ikipashwa moto kwa pasi huibuka rangi ya kahawia. Tatizo lilikuwa ni kuwaambia wazazi kwamba kuna la kupasha moto. Wakalifumba katika barua yenyewe: herufi za mwanzo za mistari zikisomwa kutoka juu kwenda chini zilitoa maneno ya Kipolandi yenye maana ya barua iliyoandikwa kwa mkojo. Familia za Lublin zikaelewa, na kwa njia hiyo majina ya waliopasuliwa yakavuka seng'enge.

Oktoba 1944 walipiga picha za miguu iliyoharibika kwa kamera iliyopatikana kwa magendo, nao ukanda wa filamu wakampa Mfaransa, mtaalamu wa elimu ya jamii na mila za watu aitwaye Germaine Tillion, ambaye alikaa nao mwilini mwake hadi siku alipotolewa kambini. Kumpa mtu ukanda ule kulikuwa sawa na kumpa hukumu ya kifo aitunze mfukoni. Alikubali.

Kisha, mwanzoni mwa Februari 1945, ikatoka amri kwamba sungura wasiondoke katika banda lao. Kila mtu alijua maana yake. Wakatawanyika usiku, na kambi nzima ikafanya jambo ambalo haikuwa imewahi kulifanya kwa ukubwa huo: wengine wakafichwa chini ya sakafu za mabanda na juu ya dari, wengine wakapewa namba za wanawake waliokufa, na wengine wakasukumwa ndani ya misafara ya kuhamia kambi nyingine. Wafungwa wa Kisovieti waliofanya kazi ya umeme walizima taa wakati wa gwaride ili waliotafutwa wapate kutoroka kwenye safu. Karibu wote waliokuwa hai siku ile walinusurika. Kama wapo waliozuia amri ya SS isitekelezwe ndani ya kambi yenyewe, basi ni wanawake hawa, na mpango wao haukuwa na kiongozi mmoja wala silaha.

Dhana: Kama waliweza kucheka na kuimba, basi mateso yanatiwa chumvi

Hoja hii husemwa na wasiolijua jambo, na pia na wale wanaolijua vizuri mno na wanataka lisahauliwe. Ni kweli walicheka. Germaine Tillion, akiwa amefichwa na wenzake ndani ya sanduku kubwa la mizigo huku wao wakifanya kazi na kumlinda, alitunga mchezo wa nyimbo uliomdhihaki mfungwa asiyekuwa na kikosi cha kazi, akimchunguza kama mtaalamu achunguzavyo mdudu mgeni. Nyimbo ziliwekwa juu ya sauti ambazo kila Mfaransa alizijua. Kabla ya hapo alikuwa amewakusanya wenzake kwa siri na kuwaeleza jinsi kambi inavyoendeshwa kiuchumi na nani anapata faida kutokana na jasho lao, maana aliamini kwamba anayeuelewa mtego uliomnasa hapati hofu ileile.

Geneviève de Gaulle, mpwa wa Charles de Gaulle, jenerali aliyewaongoza Wafaransa waliopigana na Hitler, alitimiza miaka 24 humo Oktoba 1944. Marafiki zake walimfanyia keki: waliponda makombo ya mkate, wakayakanda kwa vijiko kadhaa vya kitu cheusi chenye kunata kilichoitwa jemu, kisha wakachomeka vijiti 24 mahali pa mishumaa. Anayeiona keki hiyo kama dalili ya raha hajajiuliza kila kombo lilitoka kwenye mgao wa nani. Siku chache baadaye Geneviève alifungiwa peke yake katika jela ya ndani ya kambi.

Dhana: Aliyekuwa na marafiki alipona

Hapana. Milena Jesenská alikufa kwa ugonjwa wa figo tarehe 17 Mei 1944, na Grete, aliyekuwa tayari kumpa chochote, hakuwa na cha kumpa.

Tarehe 2 Machi 1945 mama yake Germaine Tillion, mzee mwenye mvi ambaye naye alikuwa amefungwa kwa kuusaidia upinzani, alichaguliwa kwenda katika chumba cha gesi. Siku hiyo hiyo Germaine alikuwa mgonjwa katika banda la wagonjwa, ambalo nalo lilikuwa likipekuliwa, na aliyemwokoa ni Grete, yule yule aliyetengwa, ambaye alimficha ndani ya kitanda chake mwenyewe chini ya blanketi. Binti akapona kwa sababu alikuwa na rafiki karibu. Mama alikuwa na marafiki pia, walimpenda na walijaribu, na hawakuweza. Hakuna kanuni inayoweza kutolewa hapo. Nionavyo mimi, wanaosema kwamba urafiki uliokoa maisha wanapaswa kutaja tarehe hiyo kila wanapolisema.

Dhana: Tunayajua yote kwa sababu waliosalimika wamesimulia

Waliosimulia ni wale waliosikilizwa. Wafaransa walioshiriki upinzani waliunda chama chao mwaka 1945 na wakaendelea kusaidiana kwa miaka mingi. Ndio waliosimama pia na sungura wa Poland, ambao 35 kati yao walipelekwa Marekani kutibiwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Mei 2015 Germaine Tillion na Geneviève de Gaulle waliingizwa pamoja katika Panthéon, jengo la Paris la kuwaenzi mashujaa wa Ufaransa, majeneza yao yakiwa na udongo wa makaburi yao.

Wenye pembetatu nyeusi hawakuwa na chama. Walikuwa makahaba, walevi, wasio na makazi, wasichana walioonekana wakaidi, na maskini wa aina nyingi, na kumbukumbu za wafungwa wa kisiasa mara kwa mara huwataja kwa dharau, kana kwamba hao hawakuwa na cha kugawana zaidi ya matusi. Vita vilipokwisha walikaa kimya, kwani aibu waliyobandikwa haikuondoka pamoja na seng'enge. Nani alimbana nani mabega kati yao, nani alimwekea nani kipande cha mkate, karibu hakuna aliyewauliza. Bunge la Ujerumani liliwatambua rasmi kuwa wahanga wa utawala wa Hitler Februari 2020, wakati ambapo msichana aliyekuwa na miaka 20 siku ya kukombolewa kambi angekuwa anakaribia miaka 95.