Je, wajua kwa nini mtu wa taekwondo anaanza na fomu, yaani miondoko iliyopangwa ya kufanya peke yako, zisizo na teke hata moja?

Taekwondo wote tunaijua kwa mateke, sasa nenda kwenye klabu ya taekwondo ya ITF, moja ya mashirikisho ya kimataifa ya mchezo huu, uangalie mwenye mkanda mweupe anafundishwa nini. Chon-Ji, miondoko 19, teke hakuna. Inayofuata ni Dan-Gun, miondoko 21, nayo teke hakuna, ni ngumi na mikono ya kuzuia mwanzo mwisho. Mchezo wa miguu unaanza na mikono, kwa nini?

Jibu liko Okinawa, kile kisiwa cha kusini mwa Japani, kwa sababu fomu hizi zimetokana na karate. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 mwalimu mmoja, Itosu Anko, alikuwa anaingiza karate mashuleni, akaona kata, yaani fomu za karate, za zamani kama Kushanku ni ndefu na ngumu kwa watoto, basi akatunga tano fupi akaziita Pinan. Mwanafunzi wake Gichin Funakoshi akaipeleka karate Tokyo mwaka 1922, na huko Pinan akaziita Heian. Kwa maandishi ni alama zilezile za Kichina, kinachobadilika ni matamshi tu, kama tarakimu 5 vile, wewe unasoma tano na Mwarabu anasoma khamsa.

Sasa kumbuka Korea ilikuwa koloni la Japani, 1910 mpaka 1945. Vijana wa Kikorea walikuwa wanaenda kusoma Japani na baadhi wakaangukia mikononi mwa Funakoshi, akina Lee Won-kuk na Ro Byung-jik, wakarudi kwao na kila mmoja akafungua shule yake 1944, Lee ya Chung Do Kwan na Ro ya Song Moo Kwan. Na walifundisha nini? Heian zilezile, ila kwa kusoma alama zile kikorea zikawa Pyung-ahn. Hata Tang Soo Do, jina ambalo watu wanadhani ni mchezo mwingine kabisa, ni alama za zamani za neno karate, "mkono wa China", zimesomwa kikorea basi. Watu wa Tang Soo Do hawajaficha kitu, mpaka leo wanapiga Pyung-ahn.

Baada ya uhuru ndo ikaanza kuwa aibu kidogo, maana nani anataka mchezo wa taifa wenye jina la aliyekutawala? Jina taekwondo likapatikana 1955, na jenerali Choi Hong Hi, ambaye mwenyewe karate alijifunzia Japani, akatunga na wenzake fomu mpya, ndizo hizi za ITF, nyingi zikiwa na majina ya mashujaa wa Korea, mwishowe zikafika 24 kama saa za siku moja. Lakini kitabu chake cha 1965 kilikuwa bado kimebeba Heian na kata nyingine za karate kama Bassai na Jitte pembeni ya hizo mpya, kwa hiyo asitokee mtu akasema zinafanana kwa bahati.

Na zinafanana kweli bwana. Chukua Heian Nidan, Heian ya pili, ya Shotokan, ule mtindo wa karate wa Funakoshi, uiweke na Won-Hyo, moja ya zile 24 za Choi. Zote zinaanza kwa kugeukia kushoto, mikono miwili juu inazuia, uzito mguu wa nyuma. Ukifika katikati unakuta teke la pembeni, halafu viganja vilivyonyooka kama panga vinazuia mara tatu huku unasogea mbele, halafu vidole vinachomwa kama mkuki. Mpangilio uleule kabisa! Nenda Toi-Gye, nyingine ya zile 24, kuna pale mikono inapanda juu kama herufi W huku mguu unakanyaga kwa kishindo, mara sita, hiyo ukimwonyesha mtu wa Shotokan atakwambia papo hapo Jitte hiyo.

Zile hadithi kwamba taekwondo ina miaka 2000 mimi huwa nazisikiliza tu. Mateke ya juu na ya kuruka sawa, hapo Wakorea wana haki ya kutamba, ni kazi yao. Na fomu za Taegeuk ambazo World Taekwondo, shirikisho jingine tofauti na ITF, wanatumia, zilizotungwa miaka ya 1970, zimeshatoka mbali, mikao ya juujuu kama mtu anatembea, na teke lipo kuanzia fomu ya kwanza.

Ila inayonichekesha ni Joong-Gun, nayo ni ya Choi. Imepewa jina la Ahn Joong-Gun, yule aliyempiga risasi Ito Hirobumi, Mjapani wa kwanza kuwekwa kuisimamia Korea, kule Harbin, China, mwaka 1909. Ina miondoko 32, umri wake aliponyongwa 1910 kwa hesabu ya Kikorea. Na mwishoni kabisa mikono inatanuka kama U kudaka fimbo ya adui, mikono ambayo Mjapani naye anaifanya, ndani ya Jitte.