Je, Wajua Kwa Nini Waaustralia Wamebanana Pwani?

Treni ya Indian Pacific hutoka Sydney hadi Perth, safari ya kilomita 4,352 kukata bara la Australia kutoka mashariki hadi magharibi. Ikifika kwenye uwanda wa Nullarbor hupita kipande cha reli chenye urefu wa kilomita 478 kisicho na kona hata moja. Hakuna reli nyingine duniani iliyonyooka kwa urefu huo. Abiria huamka asubuhi, hula, husoma, hulala mchana, na dirishani bado ni vichaka vifupi na udongo mwekundu.

Australia ni nchi ya sita duniani kwa ukubwa, kilomita za mraba zipatazo milioni 7.7, lakini ina watu milioni 27 hivi. Takriban watu 85 kati ya kila 100 wanaishi ndani ya kilomita 50 kutoka baharini. Kwa nini?

Jibu la haraka ni jangwa. Ni jibu la kweli, ila halijitoshelezi. Maji ndiyo yaliyoamua kwanza, kisha bandari, kisha siasa, na ukifuatilia mambo hayo kwa mpangilio huo utaelewa hata kwa nini serikali ya nchi ile imeundwa jinsi ilivyo.

Tuanze na mvua. Sehemu kubwa ya bara imelala kwenye ukanda unaozunguka latitudo ya 30 kusini, mahali ambapo hewa iliyopanda juu karibu na ikweta hushuka tena ikiwa kavu. Hewa inayoshuka hupata joto, na mawingu hayajengeki. Upande wa mashariki kuna safu ya milima ya Great Dividing Range, yenye urefu wa kilomita 3,500 hivi sambamba na pwani, nayo huzipokonya pepo za Pasifiki mvua zake kabla hazijaingia ndani. Ukishaivuka safu hiyo hukuti mlima mrefu wa kuyanasa mawingu. Kilele cha juu kabisa cha bara, Kosciuszko, kina mita 2,228 tu, nacho kiko huko huko kusini-mashariki. Matokeo yake, zaidi ya theluthi mbili ya nchi ni kame au nusu kame.

Udongo nao umechoka. Sehemu kubwa ya Australia haijapata volkano mpya wala barafu kubwa ya kusaga miamba kwa muda mrefu mno, kwa hiyo rutuba imeoshwa na maji kwa mamilioni ya miaka bila kurudishwa. Fosforasi ni haba.

Ugumu mkubwa zaidi ni kwamba mvua yenyewe haitabiriki. Ziwa Eyre, ambalo wenyeji wake huliita Kati Thanda, liko mita 15 hivi chini ya usawa wa bahari, na miaka mingi huwa ni chumvi tupu iliyokauka. Kisha mvua kubwa hunyesha Queensland, mamia ya kilomita kutoka hapo, mito hufufuka, maji hufika, na ndege wa majini huja kwa makundi makubwa kuzaliana. Baada ya muda chumvi hurudi. Kilimo hakiwezi kutegemea nchi ya namna hiyo.

Aliyeliona jambo hili mapema ni George Goyder, mpima ardhi mkuu wa koloni la South Australia. Baada ya ukame mkali, mwaka 1865 alizunguka kwa farasi akitazama mimea. Kipimo cha mvua hakikuwepo kila mahali, lakini majani yalikuwepo: pale ambapo miti mifupi ya mallee ilikoma na vichaka vinavyostahimili ukame na chumvi vikaanza, Goyder alichora mstari kwenye ramani. Kusini mwa mstari, limeni ngano. Kaskazini, fugeni tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 mvua zikawa nzuri, wakulima wakalalamika kwamba wananyimwa ardhi, na sheria ikalegezwa. Wakavuka, wakajenga nyumba za mawe na kupima viwanja vya miji. Katika miaka ya 1880 ukame ukarudi na kuwafukuza. Kuta za nyumba hizo bado zimesimama kaskazini mwa mstari, hazina paa. Kwangu mimi hakuna kielelezo kinachomshinda Goyder katika habari hii yote: aliisoma nchi kwa macho yake badala ya kuilazimisha ifanane na Uingereza.

Wengine waliilazimisha. Mwaka 1844 Charles Sturt aliingia jangwani na msafara uliobeba mashua, kwa sababu aliamini katikati ya bara kuna bahari. Hakuiona bahari. Mwaka 1860 Robert O'Hara Burke na William Wills waliondoka Melbourne kuelekea pwani ya kaskazini. Waliporudi walikwama kwenye kijito cha Cooper, chakula kimekwisha. Watu wa kabila la Yandruwandha, waliokuwa wakiishi hapo, walikuwa wakila nardoo, mmea wa majini wa jamii ya kangaga ambao vidonge vyake vidogo vigumu, mithili ya mbegu, husagwa kuwa unga. Wageni nao wakasaga na kupika, lakini bila kufuata utaratibu wa wenyeji. Wataalamu wengi leo wanaamini kwamba nardoo isiyoandaliwa vizuri iliharibu vitamini B1 mwilini mwao. Walikuwa wakila na bado wakizidi kudhoofika. Burke na Wills walikufa mwaka 1861. John King, mwenzao, alipokewa na Wayandruwandha, akalishwa, akaishi. Kwa hiyo nchi ile ya ndani ilikuwa na watu. Waliokosekana ni wageni walio tayari kujifunza kwao.

Waingereza waliingia kwa bahari, na baharini ndiko macho yao yalikobaki. Tarehe 26 Januari 1788 Arthur Phillip alitua Sydney na meli 11 zilizobeba wafungwa na walinzi wao. Baadaye yakaota makoloni sita, na kila moja lilikuwa na mji mkuu wake bandarini au jirani na bandari: Sydney, Hobart, Brisbane, Perth, Melbourne, Adelaide. Sufu na dhahabu zilitoka bara kwenda melini, na bidhaa zikashuka kutoka London.

Pwani ya kaskazini, kwa kweli, ilikuwa imeshazoea vyombo vya wageni. Mabaharia wa Makassar, kutoka Sulawesi, walikuwa wakija kuvuna majongoo bahari na kufanya biashara na wenyeji. Na msomaji wa Afrika Mashariki atapenda kusikia hili: mwaka 1944 askari mmoja, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa kwenye visiwa vya Wessel. Nne zilikuwa za Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki. Tano zilikuwa sarafu za shaba za Kilwa. Zilifikaje huko ni mjadala wa wanahistoria hadi leo.

Kila koloni lilijenga reli kutoka bandari yake kuelekea ndani, na kwa upana wake. New South Wales ilichagua milimita 1,435, Victoria 1,600, Queensland 1,067. Treni ya Victoria ilipofika mpakani, Albury, haikuweza kuendelea. Abiria wa Melbourne walishuka na mizigo yao, mara nyingi usiku, wakapanda treni nyingine kwenda Sydney. Hali hiyo ilidumu hadi mwaka 1962! Kwa mpango kama huo, mtu wa bara aliunganishwa na bandari yake tu, wala hakuunganishwa na mwenzake wa bara upande wa pili. Miji ya ndani ikakosa sababu ya kukua.

Makoloni hayo yaliungana tarehe 1 Januari 1901 na kuwa majimbo ya shirikisho moja. Mji mkuu uwe wapi? Sydney na Melbourne hazikukubali kupishana. Katiba ikaandika maafikiano: mji mkuu utakuwa ndani ya New South Wales, lakini si chini ya maili 100 kutoka Sydney, na Bunge likae Melbourne hadi mji huo uwe tayari. Eneo likachaguliwa mwaka 1908, kwenye malisho ya kondoo. Ramani ya mji ilitokana na shindano la kimataifa, washindi wakiwa Walter Burley Griffin na mkewe Marion Mahony Griffin, wasanifu majengo kutoka Chicago. Bunge lilihamia Canberra mwaka 1927. Leo Canberra ndio mji mkubwa kuliko yote ya ndani nchini humo, yaani mji wa bara uliofanikiwa kuliko mingine uliletwa na katiba, si maji wala dhahabu.

Dhahabu nayo ilijaribu. Ilipogunduliwa Kalgoorlie mwaka 1893, maji yaliuzwa huko kwa bei ya kuumiza. Mhandisi C. Y. O'Connor akabuni bomba la kilomita 530 hivi kutoka bwawa la Mundaring karibu na Perth, lenye vituo vinane vya kusukuma maji kupanda bara. Maji yalifika Januari 1903. O'Connor alikuwa ameshakufa mwaka mmoja kabla. Mji ungalipo kwa sababu ya bomba hilo. Lakini migodi ya siku hizi, kama ya chuma kule Pilbara, haijengi miji mikubwa: wafanyakazi wengi hupelekwa kwa ndege, hukaa kambini wiki kadhaa, kisha hurudi kwao pwani.

Wachache waliobaki ndani wanafikiwaje na serikali? Mchungaji John Flynn alianzisha huduma ya madaktari wa ndege mwaka 1928, Cloncurry, Queensland. Umeme haukuwepo mashambani, kwa hiyo Alfred Traeger akatengeneza redio iliyopata nguvu kwa kukanyaga pedeli. Mama anayetaka daktari anakanyaga huku akiongea. Mwaka 1951 redio hiyo ikawa darasa: Alice Springs ilianzisha shule ya hewani kwa watoto wa mashamba yaliyotengana kwa mamia ya kilomita.

Kwenye Bunge, umbali na idadi ya watu vinavutana. Mkuu wa nchi ni Mfalme Charles III, anayewakilishwa na Gavana Mkuu, lakini serikali huongozwa na Waziri Mkuu mwenye wingi katika Baraza la Wawakilishi, na viti vya baraza hilo hufuata idadi ya watu. Ndiyo maana jimbo la uchaguzi la Durack, Australia Magharibi, lina zaidi ya kilomita za mraba milioni 1.3, kubwa kuliko Tanzania nzima, na mbunge ni mmoja. Seneti iliwekwa kama kinga ya majimbo madogo: kila jimbo lina maseneta 12, iwe ni New South Wales yenye watu zaidi ya milioni nane au Tasmania isiyofikia milioni moja.

Kupiga kura ni lazima tangu mwaka 1924. Katika uchaguzi wa 1922 wapiga kura hawakufika hata asilimia 60. Uliofuata, wa 1925, walipita asilimia 91. Asiyepiga bila sababu hutozwa faini ya dola 20. Uchaguzi huwa Jumamosi, na kwenye shule nyingi wazazi huuza soseji ndani ya kipande cha mkate kuchangisha fedha, foleni ikisonga polepole.

Watu nao wamebadilika. Mojawapo ya sheria za kwanza za shirikisho, mwaka 1901, ilikuwa ya kuwazuia wasio Wazungu kwa mtihani wa imla katika lugha yoyote ya Ulaya ambayo afisa angeichagua. Mwaka 1934 mwandishi Egon Kisch, aliyejua lugha nyingi na ambaye serikali haikumtaka kwa siasa zake, alipewa imla ya Kigaeli cha Uskoti. Ubaguzi huo ulifutwa kabisa mwaka 1973. Leo zaidi ya asilimia 30 ya wakazi wamezaliwa nje, wakiwemo wasemaji wa Kiswahili kutoka Kongo na Burundi, na wengi wao wanakaa miji ile ile ya pwani, kwenye kazi na shule.

Na wenyeji? Waaborijini wamekaa bara hilo kwa zaidi ya miaka 50,000, wakiwa na lugha zaidi ya 250, jangwani na pwani. Uingereza iliichukua ardhi kama isiyo na mwenyewe. Eddie Koiki Mabo, mzaliwa wa kisiwa cha Mer, kaskazini mwa Queensland, alipinga hilo mahakamani kwa miaka kumi. Alikufa Januari 1992. Tarehe 3 Juni mwaka huo mahakama ya juu kabisa ikaamua kwamba watu wake walikuwa na haki juu ya ardhi yao tangu kabla ya Waingereza, na sheria ya haki hizo ikapitishwa mwaka 1993.

Sheria hiyo inamtaka mdai athibitishe kwamba mila zinazomfunga na ardhi hazikukatika. Kwenye majangwa, ambako walowezi hawakudumu, jamii nyingi zimeweza kuthibitisha, na haki zao zimetambuliwa juu ya maeneo makubwa mno. Palipo na mvua na mito, ambako wenyeji walifukuzwa mapema, ni vigumu. Wayorta Yorta wa kando ya mto Murray walishindwa kesi yao ya mwisho mwaka 2002, kwa hoja kwamba mila zao zilikatika katika karne ya 19, karne ile ile walowezi walipoichukua nchi yao. Naiona hukumu hiyo kuwa chungu mpaka leo. Hawakuacha kudai, na mwaka 2010 serikali ya jimbo la Victoria ikatia nao saini makubaliano ya kuisimamia pamoja Hifadhi ya Taifa ya Barmah, iliyomo ndani ya ardhi ya mababu zao.