Sonona si ugonjwa wa Wazungu

Bado utasikia watu wakisema Mwafrika hapati sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, kwamba hayo ni maradhi ya Wazungu. Kauli hiyo ilipewa sura ya kitaalamu na J. C. Carothers, daktari aliyeongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, enzi za ukoloni. Ripoti yake kwa Shirika la Afya Duniani ya 1953 ilidai ugonjwa huo ni nadra kwa Waafrika. Alikuwa akihesabu waliofikishwa hospitalini, na mtu anayelia kimyakimya nyumbani hapelekwi kwa daktari wa vichaa.

Thomas Adeoye Lambo alikwenda kuwatafuta watu kama hao vijijini. Daktari huyu Mnijeria, mwanzilishi wa idara ya saikiatria (tiba ya magonjwa ya akili) katika Chuo Kikuu cha Ibadan, alishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani kuwahoji Wayoruba wa Nigeria majumbani mwao. Matokeo yalitoka 1963: dalili za sonona zilikuwepo, tena tele.

Huko Aro, Abeokuta, alikuwa ameshaanza tangu 1954 kuwapangishia wagonjwa wa akili vyumba kwa wanakijiji, kila mmoja na ndugu yake wa kumpikia na kumwangalia. Asubuhi walikwenda hospitali kutibiwa, kisha wakarudi kijijini, na waganga wa jadi walishirikishwa.