Namba ya fimbo ya stilihedi: dhana potofu na ukweli wake

Stilihedi ni samaki, aina ya trauti wa upinde wa mvua aliyekwenda kukulia baharini, kisha akarudi mtoni kutaga. Ni spishi ileile iliyopandikizwa katika mito ya Mlima Kenya, ila stilihedi wa Oregon (Marekani) na British Columbia (Kanada) wengi wana kilo 3 hadi 5. Ukubwa huo ndio huwapotosha watu wanapochagua fimbo ya kuvulia kwa chambo cha manyoya.

Dhana: Namba kwenye fimbo ni uzito wa samaki inayemudu.
Namba hiyo hutaja mshipi. Chambo cha manyoya ni chepesi mno kurushika chenyewe. Unachorusha ni mshipi, nao hukivuta chambo. Kwa kipimo cha Marekani, futi 30 za kwanza za mshipi namba 5 zina gramu 9.1, namba 6 gramu 10.4, na namba 8 gramu 13.6. Mshipi namba 6 kwenye fimbo namba 8 hauipindi fimbo vya kutosha, hivyo huishiwa nguvu hewani na kuanguka umejikusanya.

Dhana: Fimbo namba 5 inatosha, ukiwa na subira.
Huenda isivunjike, kwa kuwa uzi wa mwisho, ule mwembamba unaofungwa chambo, hukatika kwanza. Tatizo huanza kabla samaki hajauma: stilihedi wa majira ya baridi hukaa karibu na sakafu ya mto, kwa hiyo unahitaji mshipi wenye ncha inayozama na chambo kilichotiwa uzito wa madini ya risasi, na namba 5 haiwezi kuinyanyua ncha hiyo majini. Samaki akinasa, mvutano hurefuka hadi misuli yake ikachoka kabisa. Maji yakikaribia nyuzi 20 za selsiasi, anaweza kufa hata baada ya kuachiwa. Kwa stilihedi wa asili, ambao idadi yao imepungua katika mito mingi, hilo halikubaliki.

Dhana: Basi chukua namba 10, uwe salama.
Hiyo ni ya samoni wakubwa. Ncha yake ngumu haifyonzi mtikiso wa kichwa cha samaki. Uzi mwembamba hukatika, au ndoano huchomoka.

Dhana: Namba 7 ni namba 7, iwe ya mkono mmoja au miwili.
Kosa hili ndilo ghali kuliko yote. Fimbo za mikono miwili zina kipimo chao. Namba 7 ya futi 13 kwa kawaida hurusha kichwa cha mshipi, yaani sehemu nzito ya mbele, cha gramu 30 hadi 35, zaidi ya mara mbili ya namba 8 ya mkono mmoja. Usinunue mshipi kwa namba peke yake. Linganisha uzito ulioandikwa kwenye boksi na ule anaoutaja mtengenezaji wa fimbo.

Kwa mkono mmoja, namba 8 ya futi 10 hufaa mito mikubwa ya Pasifiki wakati wa baridi. Majira ya joto, kwa mshipi unaoelea na chambo chepesi, namba 7 inatosha, na mkono hauchoki mapema.