Phelps hakuzaliwa bingwa jamani

Watu wanapenda kusema eti Michael Phelps, yule muogeleaji wa Marekani, alishinda sababu ya mwili tu, mikono mirefu na miguu mikubwa, yaani kazaliwa samaki. Mwili ulimsaidia, sikatai, ila utotoni alikuwa anaogopa hata kutia uso kwenye maji, ndo maana alianza na kuogelea chali. Olimpiki ya Sydney 2000, ana miaka 15, akamaliza wa 5, hana medali. Sasa angalia Beijing 2008, mita 200 mtindo wa kipepeo, miwani inajaa maji, ukuta hauoni kabisa, na yeye anahesabu tu kila anapopiga mikono maana mazoezini kwa kocha wake Bob Bowman hesabu hiyo alishaizoea, akagusa wa kwanza kwa 1:52.03, rekodi ya dunia!