Kwa nini shira ya beri hudumu kwa miezi ilhali juisi yake huchacha kwa siku chache?

Je, wajua? Juisi ya stroberi, rasiberi au forosadi iliyokamuliwa na kuachwa mezani huchacha baada ya siku chache tu, lakini juisi hiyohiyo ikichanganywa na sukari ya kutosha, ikapashwa moto na kutiwa katika chupa safi ingali ya moto, hukaa kwa miezi kadhaa bila kupoteza ladha yake. Wengi hudhani kwamba sukari huviua vijidudu. Ukweli ni kwamba sukari huvinyima maji, na karibu kila jambo linalomsumbua mpishi wa shira, tangu kipimo cha sukari hadi chupa inayotoa povu, hutokana na jinsi maji hayo yalivyofungwa au yalivyoachwa huru.

Chembe ya bakteria, ya hamira au ya ukungu imejaa maji na kuzungukwa na utando mwembamba, na maji huupita utando huo kuelekea upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka. Katika shira nzito upande huo ni nje, kwa hiyo kijidudu hukauka katikati ya kinywaji. Wataalamu wa chakula hupima maji yaliyo huru kwa kipimo kinachoanzia 0 hadi 1. Maji safi yana 1, ilhali maji yaliyopokea sukari yote yanayoweza kuyeyusha katika joto la kawaida, yaani takriban kilo 2 kwa lita 1, hushuka hadi 0.85 hivi. Bakteria wengi wanaoharibu chakula huhitaji zaidi ya 0.9, na yule anayetengeneza sumu ya botulizimu hushindwa kukua chini ya 0.93 hivi.

Tunda lenyewe nalo lina kinga yake. Beri nyingi zina asidi inayoiweka pH yake (kipimo cha asidi ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi) kati ya 3 na 4, na bakteria huyo wa botulizimu hawezi kukua pH ikiwa chini ya 4.6. Forosadi zilizoiva sana na elderberi hazina uhakika huo, kwa kuwa asidi yake ni ndogo na pH yake inaweza kufika mpaka huo au kuuvuka. Kwa matunda hayo maji ya limau si kikolezo tu bali ni sehemu ya usalama. Wanaobaki kuwa adui wa kweli wa shira ni hamira na ukungu, maana baadhi yao huvumilia asidi na sukari kwa kiwango cha kushangaza.

Hapa ndipo hesabu inapofaa kuliko mazoea. Tuseme juisi ya beri ina sukari yake ya asili ipatayo asilimia 10. Ukiweka kilo 1 ya sukari katika kilo 1 ya juisi, kama mapishi mengi ya nyumbani yanavyoelekeza, unapata kilo 2 za shira yenye sukari kilo 1.1, yaani asilimia 55. Ukiweka nusu kilo tu, unapata asilimia 40. Ili kufikia asilimia 65, kiwango ambacho shira huanza kujilinda yenyewe, kilo 1 ya juisi huhitaji takriban kilo 1.6 za sukari, au sukari pungufu ya hapo pamoja na muda mrefu wa kuchemsha ili maji ya ziada yatoke kama mvuke. Anayepunguza sukari kwa sababu za afya hana kosa lolote, ila hana budi kukubali kwamba alichotengeneza ni juisi tamu inayohitaji jokofu, na kwamba mahali pake si kabatini hata kama kifuniko kimekazwa vizuri.

Mbona basi tusiweke sukari nyingi kila mara na kumaliza mjadala? Kizuizi ni pektini, dutu inayoshikamanisha kuta za seli za matunda, ambayo mkemia Mfaransa Henri Braconnot aliieleza mwaka 1825. Nyuzi zake huelea katika juisi zikiwa zimetengana, kwa sababu maji huzizunguka na chaji zake za umeme husukumana. Asidi hupunguza msukumano huo, nayo sukari huyavuta maji yaliyozizunguka. pH ikiwa kati ya 2.8 na 3.5 na sukari ikipita asilimia 55 au 60, nyuzi hushikana na kujenga wavu unaofungia kimiminika chote ndani yake. Hiyo ndiyo jeli. Kwa maneno mengine, ukolezi wa sukari unaoihifadhi shira ndio uleule unaoigandisha, na mpishi aliyetaka kinywaji hujikuta akichota kitu kinachotikisika kwa kijiko.

Matunda hayalingani katika jambo hili. Blakikaranti, kranberi na gusiberi zina pektini nyingi, ilhali stroberi na rasiberi zina kiasi kidogo zaidi, na tunda ambalo halijaiva lina nyingi kuliko lililoiva sana. Mwenye shaka anaweza kuchanganya kijiko cha juisi iliyopoa na vijiko kadhaa vya spiriti katika kikombe: ikitokea bonge moja zito, pektini ni nyingi, zikitokea nyuzinyuzi chache, ni kidogo. Mchanganyiko huo humwagwa na hauonjwi kamwe. Kwa juisi yenye pektini nyingi zipo njia mbili za kweli. Ya kwanza ni kuivunja pektini kwa kimeng'enya cha pektinasi, kinachouzwa kwa watengenezaji wa divai na juisi, ambacho hutiwa kabla ya kuchemsha kwa sababu moto mkali hukiharibu. Ya pili ni kuridhika na shira nyepesi na kuihifadhi kwa ubaridi. Anayechemsha ili kupunguza maji na aangalie kipimajoto: mchanganyiko wenye sukari asilimia 65 huchemka takriban nyuzi 4 za Selsiasi juu ya kiwango cha maji matupu, yaani karibu 104 usawa wa bahari. Katika nyanda za juu kiwango hicho hushuka nyuzi 1 hivi kwa kila mita 300, hivyo ni busara kuchemsha maji kwanza na kuona kipimajoto kinasema nini.

Kuhusu kuitoa juisi, wanaosifu matunda mabichi kuliko yaliyogandishwa hukosea mahali hapa. Barafu inapoundwa ndani ya beri hupasua kuta za seli, na tunda likiyeyuka hutoa juisi kwa wingi bila kusagwa sana. Baada ya hapo inatosha kulipasha moto mdogo kwa dakika chache, kisha kulichuja kwa kitambaa safi. Kukamua kitambaa kwa nguvu huongeza kiasi, lakini hupitisha chembe za nyama ya tunda zinazoifanya shira isiwe angavu. Si hatari, ni suala la sura tu.

Rangi ndiyo inayofichua haraka mapishi yaliyozidishwa. Wekundu na uzambarau wa beri hutoka kwa anthosianini, rangi ambazo huwa nyekundu penye asidi na kuelekea buluu kadiri asidi inavyopungua. Mwaka 1664 mwanasayansi Robert Boyle alieleza kwamba shira ya maua ya urujuani hugeuka nyekundu ikikutana na asidi na kijani ikikutana na alkali, na hivyo shira ikawa mojawapo ya vipimo vya awali vya kemia. Maji ya limau, basi, huing'arisha rangi kweli, wala si imani ya wapishi tu. Moto mrefu, mwanga na hewa huivunja, na ndiyo sababu shira ya stroberi hugeuka kahawia mapema. Sufuria ya chuma cha pua au ya enameli inafaa zaidi, kwani asidi hula alumini na chuma cha kawaida, na metali hizo hubadilisha rangi na ladha.

Harufu nayo ni mvuke. Kila unaposema jikoni kunanukia, harufu hiyo imekwisha kutoka katika sufuria. Kwa sababu hiyo ninapendelea sukari iyeyushwe katika juisi iliyokwisha kuchujwa, mchanganyiko uchemke kwa muda mfupi, povu liondolewe, na moto uzimwe. Dakika hizo chache, kwa msaada wa asidi, pia hugawa sehemu ya sukari kuwa glukosi na fruktosi, jambo linalozuia chengachenga za sukari zisijitokeze chini ya chupa baadaye. Elderberi pekee hazipewi nafasi ya kupikwa nusunusu: mbegu, vijiti na matunda mabichi yake yana viambata vinavyoweza kutoa sumu ya sianidi, hivyo vijiti huondolewa na matunda huchemshwa barabara.

Chupa zichemshwe majini kwa dakika 10, kisha zijazwe zingali za moto kwa shira isiyopungua nyuzi 85, joto linaloziua hamira na ukungu ambazo sukari isingeziweza. Baada ya kufunguliwa, shira ikae kwenye jokofu. Mapovu yanayopanda yenyewe, kifuniko kilichovimba au harufu ya pombe ni dalili kwamba hamira imepata maji ya kuitosha, nao ukungu unaoonekana juu hautoshi kukwanguliwa, kwa kuwa nyuzi zake na sumu ambazo baadhi ya aina hutoa huweza kuwa zimekwisha kushuka chini; chupa ya namna hiyo humwagwa yote.